Muulize Bibi Mwalimu: Neno refu la Kiingereza hushikwa mkiani

Mwezi huu barua zimenifuata kama inzi na embe bivu, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: neno refu la Kiingereza linakatwaje, na ukishalikata, sauti inapandia wapi? Nimefundisha Kiingereza miaka 31, mingi kati yake hapa Tanga, na sasa nimestaafu, nakaa barazani na kahawa yangu. Katika majibu haya silabi yenye mkazo nitaiandika kwa herufi kubwa. Pale ambapo tahajia ya Kiingereza inadanganya, na inadanganya sana, nitaandika matamshi kwa herufi zetu za Kiswahili ili tuelewane.

*Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ameingia kidato cha kwanza mwaka huu. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili na sayansi alikuwa anaipenda. Sasa kila jioni anakaa na daftari la Baiolojia, akifika kwenye maneno kama "photosynthesis" na "classification" anayaruka. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nimsaidieje? – Mama wa mwanafunzi, Iringa*

Marahaba, mwanangu. Usijidharau, kwa kazi hii Kiingereza cha kuombea maji kinatosha, kwa sababu kazi yenyewe ni ya masikio na kidevu.

Anza kwa kumuuliza mtoto: darasa la saba mliita nini jambo hili la mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga? Atakujibu usanisinuru. Mwambie alikate: u-sa-ni-si-nu-ru. Silabi sita. Sasa "photosynthesis" ina tano tu: pho-to-syn-the-sis. Kwa hiyo urefu si tatizo, tayari ameshameza kubwa kuliko hilo. Linalomtisha ni kwamba Kiswahili anakisoma kwa macho, herufi kwa herufi, na kila silabi inamwonyesha mwisho wake kwa irabu. Kiingereza hakina adabu hiyo. Neno "strengths" lina herufi tisa na silabi moja, yote inatoka kwa pumzi moja. Neno letu "aua" lina herufi tatu na silabi tatu. Ukihesabu herufi umepotea. Hesabu mdomo.

Mwambie aweke kiganja chini ya kidevu na kusema neno polepole. Kila kidevu kinaposukuma kiganja, hiyo ni silabi moja. Watoto wanapenda mchezo huu, na wewe mama unaweza kuuhakiki bila kujua maana ya neno. Una udhaifu wake: silabi zisizo na irabu hazisukumi kidevu. Lakini huo hautamsumbua Mswahili, maana sisi tunazo zetu. "Mtu" ni m-tu, silabi mbili, na ile "m" inasimama yenyewe bila irabu wala fimbo. Kwa Kiingereza "button" na "little" zinaishia hivyo hivyo, BA-tn, LI-tl. Nimewahi kuona watu wazima wakihangaika kusema "batoni" na "litoli" wakati kila siku wanasema "mbwa" na "nchi" bila shida yoyote.

Akishazoea kidevu, arudi kwenye maandishi. Atafute irabu zinazosikika, si zinazoonekana. Ile "e" ya mwisho wa "microscope" ni pambo, kwa hiyo neno ni MI-cro-scope, silabi tatu. Herufi zinazofanya kazi kwa pamoja, kama "ph", "th", "sh", "ai" na "ou", asizitenganishe. Konsonanti mbili zikikutana katikati ya irabu, mara nyingi kila moja inakwenda na jirani yake: clas-si-fi-CA-tion. Konsonanti ikiwa moja, asigombane na mtu kuhusu upande inaokwenda. Wataalamu wa lugha wenyewe hawakubaliani, na mtihani wa Baiolojia hauulizi.

Sasa mkazo, maana hapo ndipo kitoweo kilipo. Kiswahili kimetulea kiungwana mno: mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, tumemaliza. Mtoto anabeba kanuni hiyo hadi kwenye Kiingereza na kusoma foto-sin-THE-sis. Mkazo wa Kiingereza huhama, lakini kwenye maneno marefu hauhami ovyo. Mwenye amri ni mkia. Neno likiishia na "-tion", mkazo upo kwenye silabi inayoutangulia mkia huo: respi-RA-tion, ex-CRE-tion, repro-DUC-tion, classifi-CA-tion. Mkia huo hutamkwa "shn" tu, mara chache "chn" kama kwenye "question". "Shoni" yenye irabu mbili iache kwa fundi viatu. Likiishia na "-logy" au "-graphy", mkazo unakaa kwenye ile "o" inayotangulia, silabi ya tatu kutoka mwisho: bi-O-lo-gy, ge-O-gra-phy. Likiishia na "-ity", ni silabi iliyo kabla ya mkia: hu-MI-di-ty, elec-TRI-ci-ty. Likiishia na "-ic", ni hivyo hivyo, silabi iliyo kabla: scien-TI-fic. Wakaidi wapo, kama CA-tho-lic, A-ra-bic na a-RITH-me-tic, lakini hesabu yao ni ndogo, atawajua mmoja mmoja kama watu wa mtaani kwake.

Mkia wa "-sis" ndio unaonifurahisha kuliko yote, na katika Baiolojia umejaa. Ukitanguliwa na "e" au "y", mkazo unaruka hadi silabi ya tatu kutoka mwisho: photo-SYN-the-sis, hy-PO-the-sis, a-NA-ly-sis. Ukitanguliwa na "o", mkazo unakaa palepale kwenye "o": os-MO-sis, mi-TO-sis, mei-O-sis, diag-NO-sis, tubercu-LO-sis. Yaani kwenye "-osis" Kiingereza kinafanya kama Kiswahili, pili kutoka mwisho. Mwanao ataona raha kukuta mahali ambapo mazoea yake ya nyumbani yanapata vema.

Zoezi la jioni ni hili. Achukue kipande cha karatasi, afunike neno lote, kisha alifunue kuanzia mwisho. Asome "sis". Afunue tena: "the-sis". Tena: "SYN-the-sis", na hapo sauti ipande. Kisha "to-SYN-the-sis", mwisho "pho-to-SYN-the-sis". Wengi huanza kichwani, wanafika katikati pumzi imekwisha na mkia wanaumeza. Ukianza mkiani, kila hatua inakupeleka mahali ambapo umeshapita, na mkazo haupotei. Maneno matano kwa siku, yasizidi. Yaandikwe kwenye kauntabuku yake mwenyewe na si yangu, kwa sababu atakayoyaogopa yeye siyo niliyoyaogopa mimi.

*Mwalimu, mimi ni mwongoza watalii, nipo Arusha. Juzi nilimwambia mgeni kwamba kiti cha nyuma ni "comfortable" zaidi, akaniuliza "what table?" Nikarudia mara tatu, mke wake ndiye akaelewa. Niliona haya. Kosa langu lilikuwa wapi? – Dereva wa landkruza, Arusha*

Pole, baba, lakini umenichekesha hadi kahawa imenipalia. Mgeni hakukosea kusikia. Wewe ulitamka komfo-TE-bo, ukaweka mkazo pili kutoka mwisho kama ulivyozaliwa nao, na sikio lake likaokota neno "table", meza, kutoka katikati ya sentensi yako. Akaanza kutafuta meza ndani ya gari.

Neno hilo Waingereza walio wengi hulitamka silabi tatu: KAMF-ta-bl. Mkazo upo mwanzoni kabisa, na baada ya hapo kila kitu kinateremka mlima bila breki. Ile "o" ya "fort" wanaila. Ndugu yake ni "vegetable", VEJ-ta-bl, nayo silabi tatu. Ukiwaandalia chakula cha mchana usiwape meza nyingine. Wamo pia "interesting", IN-tra-sting, "temperature", TEM-pra-cha, na "chocolate", CHO-klat, silabi mbili tu ingawa sisi tunaipa zote ilizoandikiwa.

Kwa kazi yako, wanyama ndio mtaji. Nimekaa nikayapitia majina yao, nikaona kanuni yetu ya Kiswahili inawajeruhi karibu wote wenye silabi tatu na zaidi. Tembo kwao ni E-le-phant, sisi tunasema e-LE-fanti. Nyati ni BA-fa-lo, sisi tunasema ba-FA-lo. Mamba ni KRO-ko-dail, sisi kro-KO-dail. Kifaru ni rai-NO-sa-ras, na kiboko, huyo bwana mkubwa, ni hi-po-PO-ta-mas. Tukimwachia Mswahili anakuwa hipopo-TA-mas. Fisi ametusamehe: hai-I-na, pili kutoka mwisho. Chui ana mtego wake, ameandikwa na "o" katikati lakini ni LE-pad, silabi mbili. Sokwe na twiga mkazo wao upo mwishoni kabisa: chim-pan-ZEE, gi-RAFFE. Huo mkia wa "ee" wenye mkazo utaukuta pia kwenye "refu-GEE" na "emplo-YEE", na ndugu yake "eer" kwenye "engi-NEER" na "volun-TEER". Wakaidi wapo, kama kamati: ko-MI-ti.

Na usione haya peke yako. Mimi mwaka wangu wa pili kazini, 1979, nilisimama mbele ya darasa nikifundisha neno "determine". Nililiona limeishia na "mine", nikajua "mine" inatamkwa "main", basi nikatangaza kwa kujiamini: dita-MAINI. Darasa zima lirudie. Mara ya tatu kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, maini ya nani?" Darasa likalipuka. Siku hiyo, kwa bahati yangu mbaya, mkaguzi alikuwa ameketi dawati la mwisho. Hakusema kitu mbele ya wanafunzi. Baadaye ofisini alichana kipande cha pakiti ya sigara, akaandika di-TA-min, na chini yake eg-ZA-min na i-MA-jin, akanisogezea pamoja na kikombe cha chai. "Determine", "examine", "imagine": zote tatu mkazo katikati, na mkia unakufa. Kipande kile nilikibandika ndani ya jalada la kauntabuku. Kimeshageuka rangi ya chai yenyewe.

*Mwalimu, mimi ni mtangazaji wa redio ya hapa kwetu. Mkuu wangu wa kazi ananisahihisha kila siku: leo "photograph" nimepatia, kesho "photographer" nimekosea. Neno si lile lile? Mbona linahama? – Mtangazaji, Mwanza*

Ni neno lile lile, mkia ndio umebadilika, na mwenye amri nilishasema ni mkia. PHO-to-graph, mkazo mwanzo. pho-TO-gra-pher, mkazo umesogea hatua moja. photo-GRA-phic, umesogea tena, kwa sababu "-ic" huusogeza hadi mlangoni pake. Ni kama mgeni wa heshima kwenye sherehe: kila akiingia mkubwa mwingine upande wa kulia, viti vinapangwa upya.

Jambo ambalo mkuu wako huenda hajakuambia ni kwamba mkazo ukihama, irabu nazo hubadilika. Kiswahili kina irabu tano na kila moja inabaki ilivyo popote ilipo. "A" ya mwanzo na "a" ya mwisho katika "kata" ni ndugu pacha. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kinahesabiwa sauti za irabu zipatazo 20, halafu silabi isiyo na mkazo irabu yake hunyauka, ikawa kijisauti kifupi kisicho "a" wala "e", kinachoitwa shwa. Ndicho kijisauti kinachosikika mara nyingi kuliko irabu nyingine yoyote katika lugha hiyo. Kwenye "photograph" ile "pho" imenona, ni "fou". Kwenye "photographer" imenyauka, "fa" ya haraka tu: fa-TO-gra-fa. Watangazaji wetu wengi hugawa uzito sawa kwa kila silabi kama mama anayegawa ubwabwa, kila mtoto kijiko kimoja. Kiingereza ni nyumba ya upendeleo: mmoja anashiba, wengine wanalamba sufuria.

Halafu kuna maneno ambayo hata mkia haubadiliki, mkazo peke yake ndio unaotofautisha. RE-cord ni rekodi, re-CORD ni kurekodi. PER-mit ni kibali, per-MIT ni kuruhusu. IM-port na EX-port ni bidhaa, im-PORT na ex-PORT ni kitendo. Jina mbele, kitendo nyuma. Usiligeuze kuwa sheria ya msahafu, kwa sababu re-PORT na re-SPECT hazihami hata ukizipigia ngoma. Lakini usishangae pia, kana kwamba kwetu halipo. Ukisema bara-BA-ra umetaja njia ya magari, ukisema ba-RA-bara umesema sawasawa kabisa. Herufi ni zile zile. Tofauti ni kwamba kwetu jozi kama hizo ni za kutafuta kwa tochi.

*Mimi sitaki ushauri, nataka kukuuliza swali. Kwa nini tuhangaike na mkazo wa Mwingereza? Wao wakija hapa wanasema "asan-TE" na tunawapigia makofi. Huu si utumwa wa akili? – Msomaji mwenye hasira, Dodoma*

Hasira yako nusu ni yangu. Sijawahi kumfundisha mtoto aongee kwa pua kama Mmarekani wala ameze "r" kama mtu wa London, na mtu akiniletea lafudhi ya kuazima namwambia airudishe kwa mwenyewe. Mnigeria ana Kiingereza chake, Mhindi ana chake, Mkenya ana chake, na vyote vinafanya biashara na kutetea kesi mahakamani. Sauti ya "th" ukiisema kwa Kitanga, hakuna atakayekufa.

Mkazo lakini naona si lafudhi. Ni anwani ya neno. Msikilizaji wa Kiingereza analitafuta neno kichwani kwake kwa kufuata silabi iliyopanda. Ukiipandisha pasipo pake, anakwenda nyumba nyingine, kama yule mgeni wa Arusha aliyekwenda mezani. Na mfano wako mwenyewe unakushitaki. Mgeni anaposema "asan-TE" tunampigia makofi, ndiyo, kwa kuwa neno ni fupi na anatabasamu. Mwache aongee dakika kumi kwa mtindo huo, wa-TO-to akiwaita WA-toto na cha-KU-la akikiita chaku-LA, uone kama hutachoka kumsikiliza. Nilimwambia binti mmoja Mjerumani aliyekuwa akijifunza kwangu: sahau kila kitu, pandisha tu silabi ya pili kutoka mwisho. Wiki moja baadaye wauza samaki wa soko la Deep Sea walikuwa wanamwelewa vizuri kuliko wanavyonielewa mimi ninapolalamikia bei.

Isitoshe, hao unaowakasirikia hawaelewani wenyewe kwa wenyewe. Maabara Mwingereza anaiita la-BO-ra-tri, Mmarekani LA-bra-to-ri. Tangazo la biashara kwa Mwingereza ni ad-VER-tise-ment, kwa Mmarekani adver-TISE-ment. "Controversy", ambalo maana yake ni ubishi, Waingereza wanalibishania mkazo wao kwa wao: wengine CON-tro-ver-sy, wengine con-TRO-ver-sy. Chagua njia moja uifuate, hakuna atakayekutoza faini.

*Bibi Mwalimu, ni katibu muhtasi wa ofisi fulani Dar es Salaam. Kamusi ya Kiingereza tunayotumia ofisini imeandikwa Marekani na inaweka vinukta ndani ya maneno. Je, nikifika mwisho wa mstari nikate pale pale, na je, hivyo vinukta ndivyo silabi? – Katibu, Dar es Salaam*

Kukata, ndiyo, kata pale pale. Vinukta hivyo vimewekwa kwa ajili yako na wachapaji. Kuvisoma kama silabi za mdomoni, hapana. Neno "again" lina silabi mbili, lakini kamusi za namna hiyo haziliwekei kinukta chochote kwa kuwa mchapaji haruhusiwi kuacha "a" peke yake pembeni mwa ukurasa kama mtoto aliyesahauliwa stendi. Ukitaka mkazo, tazama sehemu ya matamshi. Kamusi zinazotumia alama za kimataifa za fonetiki huweka kijistari kidogo juu, kabla ya silabi yenye mkazo, na wengi hukosea hapo kwa kudhani kinahusu silabi iliyopita. Kijistari cha chini ni mkazo mdogo, ule wa "pho" katika "photosynthesis".

Kompyuta yako nayo inakata maneno, na mara nyingi inapatia. Kijana mmoja mwenye duka la uchapaji alinieleza kwamba mbinu inayotumika sana ilitoka kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Frank Liang, mwaka 1983. Badala ya kuilisha mashine maneno yote ya kamusi, aliipa vipande vya herufi 4,447 vinavyoonyesha wapi pa kukata na wapi pa kuacha. Nikamwuliza kijana, basi haikosei? Akasema inaogopa kukata kuliko inavyokosea, tabia ambayo ningependa mafundi cherehani wa hapa mtaani waige. Wewe lakini uhakiki kwa macho. Neno "therapist" ukilikata baada ya "the", mstari wa pili unaanza na neno linalomfikisha mtu mahakamani.

*Nasoma somo la Kiingereza kanisani mara moja kwa mwezi. Wengine wanasema "walk-ed", wengine "wokt". Nifuate yupi? – Msomaji wa masomo, Songea*

"Wokt", silabi moja. Mkia wa "-ed" unakuwa silabi kamili pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia kwa sauti ya "t" au "d": WAN-ted, STAR-ted, NEE-ded. Kwingine kote unajibana: "walked", "called", "prayed", zote silabi moja moja. Ila kanisani kwako lipo neno "blessed", na hilo likiwa sifa, kama heri kwa mtu fulani, husomwa BLE-sed, silabi mbili. Likiwa kitendo kilichopita, alibariki, ni moja. Kwa hiyo Jumapili hiyo hiyo unaweza kulisoma kwa njia zote mbili na ukawa sahihi, na wale wa benchi la mbele waache wanong'one.

*Shikamoo Bibi. Mimi niko darasa la sita. Kaka yangu amesema kuna neno la Kiingereza lenye herufi 45 na hakuna mtu Tanga anayeweza kulisoma. Tumewekeana soda. – Mjukuu wako wa Chumbageni*

Marahaba, mjukuu wangu. Kaka yako ni tapeli mzuri, lakini neno lipo. Lilitungwa Marekani miaka ya 1930 na watu wa mafumbo ya maneno, na linataja ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini mno la mawe ya volkano. Hili hapa, vuta pumzi: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis.

Usilitazame lote. Funika, anza mkiani. "Sis". Kabla yake kuna "o". Umeshaona? Ni "-osis", ile ile ya osmosis, kwa hiyo mkazo mkuu tumeshaupata na bado hatujafunua robo: O-sis. Sasa rudi nyuma: ni-O-sis. Co-ni-O-sis. Hapo simama, ni tandu lenye viungo. Kiungo kinachofuata ni "volcano", unakijua. Nyuma yake "silico". Nyuma yake "microscopic", na hilo lina "-ic", basi sauti inapanda kidogo kwenye "sco". Nyuma "ultra". Mwisho wa yote "pneumono", na ile "p" ni bubu, anza na "n": nyu-mo-no.

Silabi 19. Lisome mara tatu kwa kidole, mara tatu bila kidole, kisha mfuate kaka yako jioni akiwa na marafiki zake. Nami niletee habari, na kama soda ni ya tangawizi, niletee na chupa.